Mwenda Jean Bosco, Mpiga Gitaa wa Katanga

1. Wayeke na mji wa Bunkeya

Katika nchi ya Uhehe tangu zamani kuna kinanda kiitwacho ligombo. Ni ubao uliochimbwa kama hori dogo, na uzi hupitishwa juu yake mara nyingi, toka ncha moja hata ncha ya pili. Mpigaji hugusa nyuzi zile kwa vidole vyake huku akiimba. Mtu wa Kalenga akiisikia sauti ya ligombo akiwa mbali na kwao, mara moja hukumbuka nyumba yao na wazee wake.

Gitaa ni kinanda cha namna nyingine. Kilitoka Ulaya, kina nyuzi sita, na waliokileta Afrika walikuja nacho pamoja na nyimbo zao. Je, kinanda cha wageni chaweza kusema maneno ya wenyeji? Habari tutakayosoma ni ya mtu aliyejibu swali hilo kwa vidole viwili vya mkono wake wa kuume. Jina lake Mwenda Jean Bosco.

Ili tumfahamu mtu huyu, yatupasa kwanza kuwajua watu wa kabila lake. Katika karne ya kumi na tisa Wanyamwezi walikuwa wasafiri mashuhuri. Walitoka kwao karibu na Tabora, wakavuka mito na misitu, wakaenda magharibi kutafuta shaba na pembe za ndovu. Mmoja wao alikuwa kijana aliyeitwa Ngelengwa, ambaye baba yake, Kalasa, alifanya biashara ya shaba. Kijana huyo alipofika katika nchi ya Katanga hakutaka kurudi. Alikaa huko, akapata bunduki na wafuasi, akazishinda nchi za jirani, akawa mfalme. Watu wakamwita Msiri. Mji wake mkubwa ulikuwa Bunkeya, na watu waliotoka naye mashariki, pamoja na wazao wao, waliitwa Bayeke, yaani Wayeke.

Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri alipigwa risasi na kuuawa na mmoja wa maofisa wa msafara uliotumwa kuitwaa nchi yake kwa ajili ya mfalme wa Wabelgiji. Haikupita hata miaka mitatu, tarehe 30 Oktoba 1894, Wadachi wakaivunja ngome ya Mkwawa pale Kalenga. Hivyo Bunkeya na Kalenga, ingawa ziko mbalimbali sana, zilipatwa na msiba wa namna moja katika siku zile zile.

2. Nchi ya shaba

Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka 1930. Wakati ule Kongo ilikuwa chini ya Wabelgiji, na ufalme wa Msiri ulikuwa umebaki katika masimulizi ya wazee. Alipewa jina la Jean Bosco, ambalo ni jina la Yohane Bosco, padre wa Italia aliyeishi tangu 1815 hata 1888, akawatunza vijana maskini wa mji wa Torino. Mapadre wa shirika lake walikuwa wamefika Katanga mwaka 1911. Basi katika majina ya mtoto huyu mlikuwamo habari mbili: Mwenda lilikuwa jina la ukoo wa Wayeke, na Jean Bosco lilikuwa jina la ubatizo.

Si mbali sana na Bunkeya ulikuwapo mji wa Likasi, ambao Wabelgiji waliuita Jadotville tangu mwaka 1931. Huko na katika mji mkubwa wa Elisabethville kulikuwa na kazi za shaba. Kampuni kubwa ya madini ilikuwa imeanzishwa mwaka 1906, nayo ilihitaji maelfu ya watu wa kuchimba, kuchukua na kuyeyusha. Watu wakaja toka pande zote: Waluba, Walunda, Wabemba, Wasanga, na wengine toka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Kila mtu alikuja na lugha yake. Kwa kuwa watu wanaofanya kazi pamoja hawawezi kukaa bila kusemezana, wakatumia Kiswahili, nacho kikapata matamshi na maneno ya nchi ile, kikaitwa Kingwana.

Kama vile lugha zilivyokutana katika miji ile, nyimbo nazo zilikutana. Jioni kazi ilipokwisha, huyu aliimba wimbo wa kwao, yule akapiga marimba ya mkono, mwingine akashika gitaa. Gitaa zilikuwa zimeingia Kongo kwa njia nyingi. Nyingine zililetwa na mabaharia na makarani toka Afrika ya Magharibi waliofika pwani na kwenye mto mkubwa. Nyingine zilikuja kwa reli toka kusini. Mtu asiyekuwa na fedha ya kununua gitaa dukani aliweza kujitengenezea kwa bati na ubao, akatia nyuzi za waya.

Tena zilikuwapo santuri. Tangu mwaka 1933 kampuni moja ya Uingereza ilianza kuuza katika Afrika sahani za nyimbo toka kisiwa cha Cuba. Watu wa Kongo walizipenda mno, maana zilikuwa na mapigo waliyoyafahamu. Haikuwa ajabu, kwa kuwa watu wengi wa Cuba ni wazao wa Waafrika waliochukuliwa utumwani. Vilevile zilikuwapo sinema za wachunga ng'ombe wa Marekani, ambao hukaa juu ya farasi wakiimba kwa gitaa. Mwenda alizisikia sahani za Cuba, akaziona na sinema hizo, na yote hayo yakaingia katika masikio yake pamoja na nyimbo za kwao.

Msidhani kwamba jambo hilo lilikuwa huko Katanga tu. Wakati huo muziki wa Marekani ulikuwa umeenea mahali pengi pa Afrika. Alikuwako mwimbaji wa Marekani jina lake Jimmie Rodgers, ambaye hapo kwanza alikuwa mfanyakazi wa reli, naye alikufa mwaka 1933. Sahani zake zilifika kwa Wakipsigis wa Kenya. Mwaka 1950 wasichana wa Kipsigis walisikiwa wakiimba wimbo wa kumsifu mtu waliyemwita Chemirocha, na jina hilo ni Jimmie Rodgers katika matamshi yao. Katika wimbo huo walimfanya kuwa nusu mtu na nusu paa, maana hawakuwa wamemwona. Walikuwa wamesikia tu sauti yake ikitoka katika sanduku.

3. Vidole viwili

Basi kijana Mwenda alipolishika gitaa, njia mbili zilikuwa mbele yake. Angeweza kuwaiga watu wa sahani, apige kama wao neno kwa neno. Watu wangalimsifu, kwa maana mtu aigaye vizuri hupata wasikilizaji upesi. Tena angeweza kuliacha kabisa gitaa kwa kuwa ni kitu cha kigeni, akarudi kwenye vinanda vya wazee. Yeye hakufanya hivi wala vile. Alilitwaa gitaa la wageni, akalifundisha mapigo ya nyumbani.

Tuangalie namna alivyofanya. Wapigaji wengi wa gitaa hupitisha mkono juu ya nyuzi zote mara moja, nazo hulia pamoja. Mwenda alitumia kidole gumba na kidole cha shahada. Kidole gumba kiligusa nyuzi nene, zenye sauti nzito. Kidole cha shahada kiligusa nyuzi nyembamba, zenye sauti ya juu. Lakini vidole hivi havikwenda pamoja kama askari waendao gwaride. Kimoja kilikwenda kwa hesabu yake, na kingine kwa hesabu nyingine, kisha vikakutana tena mahali pake bila kukosa.

Ukitaka kufahamu vizuri jambo hili, nenda ukawatazame wanawake wawili wanaotwanga mahindi katika kinu kimoja. Mchi wa huyu ukipanda, mchi wa yule hushuka. Hawagongani, wala hakuna anayemngoja mwenzake. Mtu aliye nje ya ua asiyewaona husikia pigo moja tu la haraka, akadhani ni mtu mmoja mwenye nguvu nyingi. Ndivyo ilivyokuwa gitaa ya Mwenda. Mtu aliyeisikia bila kumwona mpigaji alidhani kwamba watu wawili wanapiga gitaa mbili, na pengine wa tatu yuko kando yao.

Ufundi wa namna hii ni wa zamani katika Afrika. Wapigaji wa marimba ya mkono hutumia vidole gumba viwili, na kila kimoja husema maneno yake. Wapigaji wa ngoma hupokezana mapigo hivyo hivyo. Mwenda hakuubuni yeye, wala hakuwa peke yake katika Katanga aliyepiga gitaa kwa vidole viwili. Ila yeye aliupeleka mbali kuliko wenzake. Tena hakupiga wimbo namna moja siku zote. Leo aliongeza kitu hapa, kesho akapunguza kitu pale, na wimbo ukabaki ule ule, kama vile mto unavyobaki mto ule ule ingawa maji yake ni mapya kila siku.

Kazi hii haikutaka nguvu. Ilitaka saburi. Mtu akianza kujifunza, kidole gumba hukifuata kidole cha shahada kama mtoto amfuatavyo mama yake, na akijaribu kuvitenga vyote viwili hupotea. Yampasa kurudia pigo lile lile pole pole, jioni kwa jioni, hata kila kidole kijue njia yake.

4. Mtu mwenye mashine ya kunasa sauti

Mwaka 1952 alifika Katanga Mwingereza mmoja, jina lake Hugh Tracey. Mtu huyu alizaliwa mwaka 1903. Alipokuwa kijana alikuja Rhodesia ya Kusini kulima tumbaku pamoja na ndugu yake. Huko shambani aliwasikia wafanyakazi wakiimba, akajifunza lugha yao na nyimbo zao, akaona kwamba ni vitu vya thamani ambavyo watu wengine walividharau. Akakusudia kuzihifadhi nyimbo za Waafrika kabla hazijasahauliwa. Akasafiri nchi nyingi kwa gari lenye mashine ya kunasa sauti. Ni yeye aliyewasikia wale wasichana wa Kipsigis. Katika mwaka ule ule wa 1950 alipita Tanganyika pia, akazinasa nyimbo za makabila mengi, na Wahehe walikuwa miongoni mwao.

Alipokuwa Jadotville, Tracey alimsikia kijana wa miaka ishirini na miwili hivi akipiga gitaa. Alikuwa amewasikia wapiga gitaa wengi katika safari zake, lakini huyu hakufanana nao. Akamwomba apige mbele ya mashine.

Wakati ule sahani ya santuri ilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande wake uliweza kuchukua muziki wa dakika tatu tu au zaidi kidogo. Mtu aliyezoea kupiga tangu magharibi hata usiku wa manane ilimpasa kuyakusanya yote aliyoyajua katika dakika tatu. Tena hapakuwa na njia ya kuunga kipande hiki na kile. Kidole kikiteleza, ilikuwa lazima kuanza upya.

Mwenda akapiga. Moja ya nyimbo alizozipiga iliitwa Masanga, na nyingine Bombalaka. Zilitiwa katika sahani na kampuni ya Gallo ya Johannesburg, zikauzwa katika nchi nyingi za Afrika. Kilikuwapo chama kilichoshughulika na muziki wa Afrika, na kila mwaka kilitoa zawadi iliyoitwa zawadi ya Osborn kwa muziki bora ulionaswa. Zawadi ya mwaka 1952 alipewa Mwenda kwa ajili ya Masanga.

Fikirini jambo hili. Katika miji ile ya shaba wakubwa wa kazi walihesabu magunia na tani, na mtu mweusi alitambuliwa zaidi kwa nguvu za mikono yake. Hapa alitokea kijana ambaye mikono yake iliheshimiwa kwa sababu ya ufundi wala si kwa mzigo iliouchukua.

5. Sauti yake yafika Nairobi

Nyimbo za Mwenda aliziimba katika lugha mbalimbali, Kisanga na Kiyeke zikiwamo. Lakini nyingi zilikuwa katika Kiswahili cha Katanga. Jambo hili lilimfungulia mlango mkubwa. Mtu wa Tabora, wa Kisumu au wa Kampala alipoinunua sahani yake, aliweza kuyafahamu maneno mengi, ingawa mengine yalikuwa mageni kwake. Wanyamwezi wa zamani walikuwa wamekwenda magharibi kwa miguu kutafuta shaba. Sasa sauti ya mmoja wa watu wa Msiri ilirudi mashariki katika santuri.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda mwenyewe alikuja Nairobi. Ndugu yake Edouard Masengo, naye mpiga gitaa hodari, alifika huko pia. Nairobi ilikuwa na redio na kampuni za kutengeneza sahani, na Mwenda alipata kipindi chake katika redio. Hata matangazo ya dawa ya maumivu iitwayo Aspro yalipambwa kwa gitaa yake. Katika siku zile watu wengi hawakuwa na redio nyumbani. Walikusanyika dukani au hotelini kusikiliza. Vijana wa Kenya waliokuwa wakijifunza gitaa walisogea karibu, wakatega masikio, kisha wakaenda nyumbani kujaribu vidole vyao. Baadhi yao walikuja kuwa wapigaji wenye sifa, na kila mmoja alitia humo mapigo ya kabila lake.

Mwenda hakukaa Nairobi sana. Nako kwao mambo yalibadilika upesi. Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru, na siku kumi na moja baadaye Katanga ikatangaza kujitenga. Vita vikaingia katika nchi ya shaba, hata mwanzo wa mwaka 1963 ndipo Katanga iliporudishwa katika Kongo.

Katika miaka hiyo mtaalamu mmoja wa muziki, David Rycroft, alikuwa akifanya kazi ya namna nyingine. Alizisikiliza sahani za Mwenda mara nyingi, akaandika kila sauti katika karatasi kwa alama za muziki, ili aone vidole vile vilikuwa vikifanya nini. Habari zake zilichapishwa mwaka 1961 na 1962. Muziki uliopigwa barabarani Jadotville ukawa somo la wataalamu, kama vile wanavyochunguza kazi za mabingwa wa Ulaya.

6. Banjo na gitaa

Mwaka 1969 Mwenda alialikwa Marekani, kwenye sikukuu kubwa ya muziki iliyofanyika katika mji wa Newport. Hapa inafaa tueleze habari ya kinanda kimoja cha Marekani, yaani banjo, maana historia yake ni jirani ya historia ya Mwenda.

Banjo ina shingo ndefu yenye nyuzi, na tumbo lake limewambwa ngozi kama ngoma. Watu wengi hudhani kwamba ni kinanda cha Wazungu, kwa kuwa ndio wanaoonekana wakikipiga. Lakini asili yake ni Afrika. Katika Afrika ya Magharibi kuna vinanda vya kibuyu kilichowambwa ngozi na kutiwa nyuzi. Watu waliochukuliwa utumwani hawakuweza kuchukua mali, lakini hakuna mnyororo uliofunga kumbukumbu zao. Walipofika ng'ambo ya bahari wakatengeneza vinanda kwa mfano wa vile vya kwao. Baadaye Wazungu waliwaiga, hata banjo ikaenea katika milima na mashamba ya kusini ya Marekani.

Katika jimbo la North Carolina alizaliwa mwaka 1924 mtoto jina lake Earl Scruggs. Baba yake, mkulima aliyepiga banjo, alikufa mtoto akiwa na miaka minne tu. Earl aliendelea kujifunza nyumbani pamoja na ndugu zake. Alipokuwa na miaka kumi hivi aligundua kwamba vidole vyake vitatu vilikuwa vinapokezana juu ya nyuzi bila yeye kuvilazimisha. Watu wa sehemu zile walikuwa wakipiga kwa vidole vitatu kabla yake, lakini yeye aliusafisha ufundi huo hata ukawa kama maji yapitayo juu ya mawe. Wakati wa vita kuu ya pili alifanya kazi katika kiwanda cha nyuzi. Mwezi wa Desemba 1945 akaingia katika kundi la Bill Monroe, lililoitwa Blue Grass Boys kwa heshima ya jimbo la Kentucky alikozaliwa Monroe, na kwa jina la kundi hilo muziki wao ukaja kuitwa bluegrass.

Tazama basi. Banjo ilitoka Afrika ikaenda Marekani, na mtoto wa mkulima wa huko akaipa sauti mpya kwa vidole vitatu. Gitaa ilitoka Ulaya ikaja Afrika, na kijana wa Bunkeya akaipa sauti mpya kwa vidole viwili. Watu hawa wawili waliishi wakati mmoja, kila mmoja upande wake wa bahari. Kila mmoja alianza na muziki wa nyumbani kwao, akautunza, akauongeza.

Mmoja wa watu walioianzisha na kuisimamia sikukuu ya Newport alikuwa Pete Seeger, mpiga banjo mashuhuri. Huko ndiko Mwenda alikopiga gitaa yake mbele ya Wamarekani, ambao wengi wao hawakujua Katanga iko wapi.

7. Jina jipya na siku za mwisho

Alipokuwa mtu mzima, majina mengi ya nchi yake yalibadilishwa. Mwaka 1966 Elisabethville ikaitwa Lubumbashi, na Jadotville ikarudia jina la Likasi. Mwaka 1971 Kongo ikaitwa Zaire, na Katanga ikaitwa Shaba. Kisha serikali ikaamuru watu wayaache majina ya Kizungu. Ndipo Jean Bosco akajulikana kwa jina la Mwenda wa Bayeke, yaani Mwenda wa Wayeke. Hata hivyo wapenzi wa sahani zake za kwanza waliendelea kumwita Bosco.

Na muziki nao ulibadilika. Makundi makubwa ya mji mkuu yalipiga gitaa za umeme, tatu au nne pamoja, na tarumbeta na ngoma. Vijana wakayapenda hayo. Mtu mmoja na gitaa moja isiyo na umeme akaonekana kuwa mtu wa zamani. Ufundi wa vidole viwili, uliokuwa umesikiwa toka Katanga hata Nairobi, ulikaribia kusahauliwa. Wapigaji wake walizeeka au walifanya kazi nyingine, na Mwenda mwenyewe hakuishi kwa gitaa peke yake.

Lakini wako waliokumbuka. Mwingereza mmoja aitwaye John Low, ambaye alipenda sana sahani za zamani, alifunga safari hata Shaba kuwatafuta wapigaji wale na kujifunza kwao. Akaandika kitabu cha safari hiyo, kilichotoka mwaka 1982. Katika mwaka huo huo Mwenda alikwenda kupiga Ujerumani. Mwaka 1988 alikuwa Cape Town, akanaswa tena katika mashine zilizo bora kuliko zile za ujana wake. Alikuwa amekaribia miaka sitini, lakini kidole gumba na kidole cha shahada vilikuwa bado vinapokezana kama michi katika kinu.

Mwezi wa Septemba 1990 alipatwa na ajali ya motokaa nchini Zambia, akafa. Umri wake ulikuwa miaka sitini.

Sauti zilizonaswa na Hugh Tracey zimetunzwa katika Afrika ya Kusini, katika nyumba ya kuhifadhi muziki wa Afrika aliyoianzisha mwaka 1954. Ndani yake umo wimbo wa Masanga wa kijana wa Jadotville, na zimo pia nyimbo zilizonaswa Tanganyika.

8. Tujifunze nini

Mwenda hakupewa kinanda cha ajabu. Gitaa yake ilikuwa na nyuzi sita kama gitaa nyingine zote. Wala hakuwa na vidole zaidi ya watu wengine. Kwa kweli alitumia vichache kuliko wengi. Alichokuwa nacho ni masikio yaliyowasikiliza wazee wake pamoja na wageni, na saburi ya kurudia pigo moja hata likae sawa.

Siku hizi vitu vingi vya kigeni hufika vijijini kwetu, na vitaendelea kufika. Asiyechagua huvipokea vyote kama vilivyo, na mwisho hana kilicho chake. Mwenye hofu huvikataa vyote, na mwisho hukosa vilivyo vyema. Mwenda alikipokea kitu cha wageni akiwa tayari anacho cha kwake cha kutia ndani. Nawe ukimsikia mzee akipiga ligombo, usipite haraka. Kaa, usikilize vidole vyake vinakwendaje. Huenda siku moja utakuwa na kinanda kingine mkononi, nawe utahitaji kitu cha kukifundisha.

Maswali

1. Wayeke walitoka nchi gani, na kwa nini walikwenda Katanga?
2. Eleza kwa maneno yako mwenyewe jinsi Mwenda alivyopiga gitaa. Kwa nini amefananishwa na wanawake wanaotwanga?
3. Kwa nini ilikuwa vigumu kupiga wimbo mbele ya mashine ya kunasa sauti mwaka 1952?
4. Lugha ya Kiswahili ilimsaidiaje Mwenda?
5. Banjo na gitaa zilisafiri namna gani? Andika safari ya kila kimoja.
6. Mwulize mzee wa kwenu jina la kinanda cha zamani, namna kinavyotengenezwa na nani alikipiga. Andika habari hizo katika daftari lako.